Tulipomwachia Mfungaji Wetu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chuo kidogo cha kanisa hapa Umbilo, Mkuu wa Chuo alinikabidhi filimbi akasema, "Kocha, vikombe Mungu atatoa akipenda. Wewe nifundishie mabinti." Alikuwa mchungaji, na alimaanisha.

Ninyi mnaofundisha netiboli leo mnalijua tatizo letu. Chuo cha serikali kilitoza ada ndogo kwa kuwa serikali ilibeba sehemu kubwa; sisi tuliishi kwa ada na sadaka. Mchezaji mzuri wa familia maskini alikwenda huko, kisha tukakutana na timu yao kwenye ligi moja. Kocha wao hakuacha kunitania: "Mzee, leo umeleta kapu la kubebea magoli?"

Silaha yetu ilikuwa moja, nayo tuliiita kuachia. Mchezaji akihama, kocha wake wa zamani lazima akubali. Asipokubali, mchezaji anakaa nje msimu mzima. Sisi makocha wa vyuo vya kanisa tuliafikiana kutomwachia yeyote anayekwenda serikalini.

Ndipo akaja mama yake Furaha, mfungaji wetu, akitokea saluni anakofanya kazi.

"Papa mwalimu, ada ya kwenu sitaiweza tena. Kule iko nafuu. Lakini mtoto akikaa bila kucheza, wale wa timu ya mkoa watamwona wapi?"

Wateuzi walikuwa wanakuja msimu uleule. Nilikwenda kwa Mkuu na hoja zangu zote: si haki, watatumaliza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kweli si haki," akasema. "Sasa tumdai nani? Serikali, au huyu binti?"

"Wenzetu watasema tumewasaliti."

"Watasema. Wakija, tuwape chai."

Nikamwachia. Makocha wenzangu walininunia msimu mzima. Furaha, sasa akiwa na timu yake mpya, alitufunga kwenye uwanja wa Sydenham mbele ya wateuzi, goli baada ya goli, na Mkuu akawa anapiga makofi. Nikamwuliza kama ameuona ubao wa magoli.

"Nimeuona. Tazama mkono wake unavyotulia akilenga. Nani alimfundisha?"

Furaha aliteuliwa.

Sasa nimestaafu. Bado nasema ligi ile haikuwa sawa, na wanaoiendesha watafute dawa, labda madaraja mawili, labda ruzuku kwa vyuo vidogo. Ila namshukuru Mungu kwa Mkuu yule, aliyekataa tusawazishe mambo kwa kumkalisha binti benchi.