Zabuni Niliyoishona Pande Zote

Mjukuu wangu anaandika zabuni kwenye kampuni ya ujenzi. Amesoma Chuo Kikuu cha Kyambogo akamaliza, na aliyemsomesha ni mimi niliyeishia darasa la tatu, kwa kushona vifuniko vya chakula, vile vya Kinubi vyenye rangi. Nasema hivi mjue mtoto huyu ana mwenyewe.

Kazi yenyewe ni kueleza kwa kurasa mia mbili jinsi kampuni itakavyojenga vyoo sita sokoni Kamwokya. Vyoo. Mimi changu hapa Kyebando nilimwonyesha fundi mahali kwa kidole, akachimba.

Zabuni zake mbili zilikuwa zimetupwa kabla ya kusomwa. Ya kwanza haikuwa na namba za kurasa, ya pili karatasi ilichomoka. Bosi akamwambia, "Ya tatu ikitupwa, usirudi." Mjukuu akaja kwangu na bunda la karatasi za hiyo ya tatu, macho mekundu.

"Jaja, wanataka ifungwe hata karatasi moja isitoke."

"Hilo tu? Lete."

Akatoka nje kuongea na bosi kwenye simu. Nikachukua sindano ya magunia nikashona pande zote nne, kwenye pembe nikarudia mara mbili. Kushona upande mmoja ni uvivu. Aliporudi boda ilikuwa inapiga honi, akaitia zabuni kwenye bahasha bila kuitazama. Nami nikapanda, nilitaka kusikia kazi yangu ikisomwa.

Kule ofisini zinakofunguliwa zabuni, waombaji wote walikaa mbele ya kamati. Mwenyekiti akachana bahasha yetu, akaigeuza zabuni, akaigeuza tena.

"Hii inafunguliwa wapi?"

Mjukuu wangu akanitazama. Hata marehemu babu yake hakuwahi kunitazama hivyo.

Wakaleta mkasi. Bwana mmoja wa kampuni nyingine akasimama: kukata hati ya mwombaji ni kuiharibu. Mwenyekiti akasema basi wenyewe waifumue. Bwana akasimama tena: mwombaji haruhusiwi kugusa hati yake ikishafunguliwa.

"Lakini haijafunguliwa."

"Bahasha imefunguliwa."

Wakaanza kusoma kanuni. Nikaona hapa tutazeeka, na mimi nilishaanza zamani. Nikainuka.

"Nitafumua mimi."

"Mama, wewe ni wa kampuni hii?"

"Kampuni gani? Hata chai hawajanipa."

Wakaandika kwenye daftari lao kwamba mimi ni fundi nisiye na upande. Nikakaa mezani nikafumua upande mmoja, polepole, uzi wangu usipotee. Yule bwana aliniinamia nisije nikasoma siri. Nikamwambia Kiingereza sijui, apumzishe mgongo. Baadaye akaniuliza kwa kunong'ona kama nashonea na watu wengine.

Bei ikasomwa kwa sauti. Tulikuwa wa tatu, na zabuni zilikuwa tatu.

Bosi alikuwa amesimama ukutani, jasho linamtoka. Akamwendea mjukuu wangu.

"Imesomwa," akasema. "Kesho uje mapema, kuna zabuni ya mtaro."