Maji Aliyoyatema Mama Mghoi

"Ametoka kwenda wapi?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa mlangoni kwetu, Voi, nikiwa na miaka tisa, nami sikuwa na jibu, ingawa jibu lenyewe lilikuwa limesimama nyuma ya nyumba, kando ya pipa la maji, leso kiunoni na mwiko mkononi. Jibu lilikuwa Mama. Ulikuwa msimu wa kiangazi, ule ambao vumbi jekundu huingia hadi ndani ya mkate, na nyumba yetu ya mabati ilinuka maharagwe, moshi wa mkaa na dizeli iliyoletwa na upepo kutoka barabara kuu ya Mombasa. Mlango nao ulikuwa wa bati, na nilikuwa nimejifunza kuwatambua watu kwa namna walivyoubisha. Mzee Salim mwenye duka alibisha kwa ufunguo. Mama Brayo, mwenyekiti wa chama cha akina mama, aliupiga kofi. Mama Mghoi, aliyeshuka kutoka Bura, kwenye milima ya Taita, na magunia ya mboga, alibisha kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayepima iwapo nyanya imeiva. Wote watatu walikuwa wakitudai.

Wazazi wangu ni watu wa magharibi. Baba aliifuata kazi ya reli, na kazi ilipokwisha akawa anafanya vibarua Maungu, akirudi mwisho wa mwezi na chochote alichopata. Mama alikuwa na hoteli ndogo karibu na barabara: meza mbili, mabenchi manne na sufuria mbili kubwa alizozipenda kuliko viatu vyake vya kanisani. Mwaka ule alikuja mkandarasi wa kutengeneza kipande cha barabara. Vijana wake walikula kwa Mama asubuhi na mchana, na msimamizi wao akawa anatia sahihi daftari kila jioni, akisema italipwa yote kwa pamoja kazi ikiisha. Ili kuwalisha, Mama naye akakopa: unga na mafuta kwa Mzee Salim, kabeji na nyanya kwa Mama Mghoi, pesa za mkaa na nyama kutoka kwenye chama. Halafu asubuhi moja tukakuta kambi yao imehamishwa. Palibaki majivu, ndoo iliyotoboka na kandambili moja. Watu husema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi niliiona harusi yenyewe, kwa maana miezi miwili mizima Mama alikuwa akiimba juu ya sufuria.

Msemo mwingine niliousikia sana wakati ule ni kwamba dawa ya deni ni kulipa. Nilimwuliza Mama ni nani asiyelijua hilo. Ni sawa na kusema dawa ya njaa ni kula. Mama akanijibu, "Wewe mtoto, maswali yako yataniua kabla ya madeni." Lakini maswali yangu ndiyo yaliyomfikisha kwenye pipa la maji. Mwanzoni aliniagiza niwaambie wageni kwamba hayupo. Nikakataa, kwa sababu alikuwepo, na mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa ametueleza kwa kirefu wanakokwenda waongo. Tulibishana kama watu walio mahakamani. Mwishoni tukapatana: ukibishwa mlango, yeye atoke kweli kupitia mlango wa nyuma, nami niseme "ametoka". Neno lilikuwa la kweli na mguu ulikuwa nje. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Sikumbuki akicheka tena kwa wiki nyingi baada ya hapo.

Ujanja huo ulitufaa kwa Mzee Salim mara mbili na kwa Mama Brayo mara moja. Mama Mghoi alikuwa mwanamke mfupi, mtaratibu, mwenye vidole vilivyopasuka kwa udongo, na hakuna mtu mzima mwingine aliyewahi kuniuliza ametoka kwenda wapi. Nilitazama miguu yake, kisha nikafanya kosa la kugeuza macho kuelekea mlango wa nyuma. Hakunisukuma wala hakunikaripia. Aliizunguka nyumba tu, na nikasikia sauti yake upande wa pili, ikiwa na ule mkazo wa watu wa milimani: "Mama Nekesa, pipa linakudai nini hata ukalisimamia hivyo?"

Nilifikiri Mama angejibu kwa ukali. Akalia. Mama Mghoi hakumbembeleza. Alisema kwamba kabeji hazikuwa zake peke yake, nusu zilikuwa za dada yake, na kwamba dada yake sasa alikuwa akimwita mwizi mbele ya watoto. "Nimekasirika," alisema, bila kupaza sauti, kama mtu anayetaja uzito wa gunia. "Ninalala na hasira, ninaamka nayo. Mwezi wa pili huu." Halafu akaondoka na kumwacha Mama ameushikilia mwiko wake. Mchana huohuo Mama Brayo alituma ujumbe kwamba chama kimekata shauri: Jumatatu watakuja kuchukua sufuria zote mbili. Ndivyo vyama vyetu vinavyofanya. Na bila sufuria hapakuwa na hoteli, na bila hoteli hapakuwa na kitu chochote, hata cha kudaiwa.

Hapo ndipo Mama alipofanya jambo ambalo hadi leo naliona kuwa la kishujaa, ijapokuwa alilifanya kwa woga. Aliwaita wadai wote watatu Jumapili alasiri, akawaketisha kwenye benchi moja la hoteli na kuwapa chai ya rangi. Mbele yao aliweka mikebe mitatu ya kahawa, mitupu, kila mmoja na alama yake ya mkaa. Akaeleza kwamba kila jioni ataondoa kwanza pesa za kupikia kesho, na kitakachobaki atakigawa kwenye mikebe hiyo, aliyedai zaidi akipata zaidi, na kila Jumamosi kila mtu atapelekewa chake. Hatakopa kipya kwa yeyote. Na hatatoka tena kwa mlango wa nyuma.

"Hata Mungu Jumapili alipumzika," alisema Mama Brayo, "wewe unatuita tuangalie mikebe mitupu."

Mzee Salim alikunja kanzu yake vizuri magotini. "Mama Nekesa, mimi si mtu wa maneno mengi. Nilipe mimi kwanza, nikuondokee. Hawa ni wanawake wenzio, watakuvumilia."

"Nikikulipa wewe peke yako, Mzee," Mama akajibu, "Mama Brayo atachukua sufuria. Sufuria zikienda, unga wako nitaupikia kwenye kofia yako?"

Mzee Salim akaicheka kofia yake. Mama Brayo hakucheka. Alisema wanachama wake hawali vichekesho, na kwamba wangekuja Jumatatu kama walivyokubaliana, isipokuwa kama mtu mwingine hapa angeonyesha kuuamini mpango huu. Wote wakamgeukia Mama Mghoi, ambaye deni lake ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote.

Yeye hakuwa ameigusa chai. Aliomba maji. Nilimletea kikombe cha bati. Akasimama, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, akajaza kinywa maji, kisha akayatema nje kwa nguvu, yakatawanyika kama manyunyu juu ya vumbi. Akasema maneno ya Kidawida, lugha ya Wataita, kwa sauti ya chini. Akatema tena, akasema tena. Katika maneno yale nilidaka moja tu kwa kuwa alilirudia: ngolo. Alipomaliza alinirudishia kikombe, akafunga leso yake upya, akamwambia Mama, "Jumamosi, sokoni," akaenda zake.

Nilimtazama Mama, nikaona uso wake umekuwa wa rangi ya majivu. Kule kwetu magharibi, nimekuja kuambiwa, wazee pia hubariki kwa kutema. Lakini Mama alikuwa ameokoka, alikuwa ameacha mambo ya wazee tangu usichana, na alichokiona ni mwanamke mwenye hasira, anayemdai, akitema maji kwenye mlango wa biashara yake na kunong'ona. "Ametulaani," alisema kwa lugha ya nyumbani. Mama Brayo, wa magharibi kama sisi, aliishika pochi yake kwa mikono miwili. "Basi," akasema haraka, "hata mimi Jumamosi." Mzee Salim peke yake hakushtuka. Alimaliza chai yake na kusema, "Haya, yamekwisha hayo." Nilidhani alikuwa anazungumzia chai.

Sufuria zikabaki. Mpango ukaanza, na nikawa mchukuzi wake. Kila Jumamosi nilipita kwa Mzee Salim na kwa Mama Brayo, kisha nikaenda sokoni kwa Mama Mghoi nikiwa na pesa zilizofungwa kwenye kipande cha nailoni, na agizo moja: mpe, usikae, usipokee kitu cha kula. Mama hakuwahi kukosa Jumamosi hata moja. Wiki ambayo mdogo wangu aliugua malaria, mkebe wenye alama ya kabeji ulipata chake kabla ya kununua dawa ya pili, na nilimsikia Mama akiomba msamaha mbele ya mkebe kana kwamba una masikio. Haba na haba hujaza kibaba, husema wahenga, lakini hawasemi kibaba huchukua muda gani kujaa, wala mtu hula nini wakati akingoja.

Mama Mghoi alizipokea pesa bila kuzihesabu mbele yangu. Kila mara alinitilia kitu mkononi: karoti, pasheni, pera lenye harufu ya baridi ya Bura, harufu ambayo kwetu sisi wa joto ilikuwa kama ya nchi nyingine. "Kula, Nekesa, umekonda kama fito." Nilisema asante. Kisha nikatembea hadi kwenye reli na kulitupa tunda kwenye kokoto. Nilikuwa mtoto aliyeuliza kwa nini Mungu hana mama, kwa nini treni haipigi kona, kwa nini Kaisari wa kwenye Biblia alipwe kodi na watu maskini. Darasani nilikaa na wasichana wawili wa Kitaita. Ningeweza kuuliza maana ya ngolo wakati wowote wa mapumziko. Sikuuliza. Mama alikuwa amesema ni jina la shetani wa yule mama, na kulitaja ni kumwita. Niliogopa neno, mimi niliyejiona siogopi kitu.

Deni la Mama Mghoi ndilo lililokuwa la mwisho kuisha, mwaka na miezi kadhaa baadaye. Siku hiyo alinipa kabeji nzima, kubwa, ingali na umande, akasema, "Mwambie Mama tumebaki sisi tu sasa, hakuna kitu katikati." Niliibeba kichwani mpaka nyumbani kwa kuwa nilishindwa kuitupa. Mama aliitazama kwa muda. Akampa mbuzi wa jirani. Tangu siku hiyo alinunua mboga kwa mtu mwingine, kwa bei ya juu, na akikutana na Mama Mghoi sokoni alivuka upande wa pili.

Leo nina shahada, nina kazi ya mkataba Voi hapahapa, na nina madeni yangu mwenyewe. Yako kwenye simu, kwa zile programu za mikopo. Wanaonidai hawana mkono wa kubisha mlango. Wana ujumbe wa saa kumi na mbili asubuhi, na wakikasirika wanawapigia watu waliomo kwenye orodha yangu, hata fundi aliyenitengenezea kitanda. Nimejaribu kuwapigia wakubaliane na mpango kama wa Mama, kidogo kila mwisho wa mwezi, kila mmoja kwa kiasi chake. Mmoja alikubali. Wengine hujibu kwa sentensi ileile waliyoniandikia jana, na sina benchi la kuwaketisha. Siwezi hata kutoka kwa mlango wa nyuma, maana simu natoka nayo. Sisemi zamani kulikuwa kuzuri. Nakumbuka mikebe ile vizuri mno kuweza kusema hivyo.

Mwezi uliopita, ili kumlipa mmoja wao, nilikopa kwa Mkamburi, tunayefanya kazi ofisi moja, Mtaita wa Ronge. Nilichelewa kumrudishia. Siku tatu hakunikaripia wala hakunisemesha, na ya nne akasimama katikati ya ofisi, akanywa maji ya chupa, akayatema nje ya dirisha, akanong'ona kitu, akatema tena. Nilisimama. Miguu yangu ilikuwa na miaka tisa.

"Umenifanyia nini?" nikauliza.

"Wewe! Nimetasa," akasema, akijipangusa mdomo na kucheka uso wangu. "Nilikuwa na hasira nawe, nikaona nitakuharibia mambo yako bure. Hasira ya mtu humfunga mwenzake. Sasa nimeitema na maji, nikakutakia heri; ndiyo kutasa kwetu. Pesa zangu lakini utalipa."

Nilimpigia Mama jioni hiyo, nikamweleza yote. Akauliza, "Na ile kabeji?" Hakungoja nimjibu. Sijui kama tulilipa kwa sababu tulitakiwa heri au kwa sababu tulidhani tumelaaniwa, na sina hakika kama tofauti hiyo ingeonekana kwenye mikebe. Mama Mghoi hashuki tena sokoni. Wanasema amezeeka, yuko Bura kwa mwanawe. Jumamosi hii tutapanda kwenda kumwona, Mama na mimi. Mama ameuliza mara tatu tubebe nini.

Kabla hatujatoka ofisini siku ile, nilimwuliza Mkamburi swali ambalo nilipaswa kuliuliza nikiwa na miaka tisa. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa maana ya maji.

Ngolo ni moyo.