Nilimtoa mdogo wangu jicho kwa sababu ya korongo

Nimekosa, jamani, na sitafuti wa kunitetea. Jina langu liacheni. Mimi ni mkulima wa Nangwa, huku Hanang, na nimemtoa jicho mdogo wangu wa tumbo moja. Kisa ni ndege. Ndege!

Nitamwita Paskali, si jina lake. Tangu shule ya msingi anajua ndege kuliko mtu yeyote huku kwetu. Wageni wakija kutazama ndege ziwani wanamuulizia yeye. Mimi napiga kasia tu. Iliniuma sana, ila sikusema. Mimi si ndiye mkubwa?

Mwezi wa tatu korongo weupe hujikusanya kwenye kisiwa cha ziwa letu kabla ya kurudi Ulaya. Mwaka huu akaja mama mmoja mstaafu kutoka Arusha, darubini shingoni. Tukamwamkia, tukamvusha kwa mtumbwi asubuhi.

Kisiwani akaniuliza mimi, "Yule mwenye mdomo uliopinda ni nani?"

Nikajibu haraka, "Korongo mdogo, mama."

Paskali akasema taratibu, "Hapana kaka, huyo si korongo, ni kwarara."

Yule mama akacheka kidogo. Hakuwa na ubaya, sasa najua. Lakini siku ile kicheko chake kilinichoma kama kaa la moto!

Tukajificha kwenye matete. Korongo walikuwa wengi, kisiwa cheupe chote. Paskali akaninong'oneza, "Kaka, kaa chini, watashtuka." Kunikataza tena mbele ya mgeni! Nikaokota jiwe, nikawarushia. Nilitaka waruke wote, ziara iishe, twende nyumbani.

Jiwe likavunja bawa la mmoja. Wengine wakaruka kwa kishindo. Yule mmoja akabaki anajizungusha kwenye tope, damu kwenye manyoya.

Paskali akanikamata shati. "Kaka! Umefanya nini? Una roho gani wewe?"

Nikachukua kasia, nikampiga begani. Hakunirudishia. Angenirudishia labda ningepata akili. Nikampiga tena, mbavuni. Akapiga magoti. Yule mama anapiga kelele, "Mwache! Utamuua!" Nikainua mara ya tatu, na ncha ya kasia ikaingia usoni.

Sauti aliyotoa siwezi kuiandika.

Kurudi ng'ambo nilipiga kasia mimi. Nani mwingine? Paskali amelala miguuni pa mgeni, kitenge cha yule mama kimeloa damu. Mama wa watu hakuniangalia hata mara moja.

Hospitali nesi akauliza kimetokea nini. Nikasema, "Ameanguka kwenye mawe." Ndiyo, nilisema hivyo! Yule mama akasimama. "Anadanganya. Huyu ndiye amempiga, nimeona kwa macho yangu."

Nililala mahabusu. Jicho halikupona, likatolewa. Paskali mwenyewe ndiye aliyewaomba wazee wetu wazungumze na polisi, tukayamalizie nyumbani.

Polisi wakaniachia, kikao cha wazee kikakaa uani kwetu. Baba hakuitika shikamoo yangu. Nikapiga magoti nikasema yote, na jiwe, na uongo wa hospitali. Mama analia tu, kitambaa mdomoni.

Wakamuuliza Paskali anataka nini. Akanigeukia kwa ule upande wenye jicho.

"Nimekusamehe, kaka. Mbele ya Mungu nimekusamehe. Ila siwezi kulala nyumba moja na wewe. Ukipita nyuma yangu, mwili unatetemeka."

Akahamia kwa mjomba, kijiji cha Dirma. Wageni wanamfuata hukohuko, anawatajia ndege kwa kusikia sauti na kwa jicho moja. Mimi nalima peke yangu. Mke wangu ananiambia watoto wakinisikia nakohoa mlangoni wananyamaza. Sijawahi kuwapiga! Lakini wamesikia.

Wewe mkubwa wa nyumba unayesoma hapa, mdogo wako akikusahihisha mbele za watu, meza mate, ondoka, kanawe uso. Aibu ya kicheko haidumu, kesho imeshapita. Mimi nilitaka wadogo waniheshimu. Sasa wananiogopa, na nawaambieni, ukishaogopwa na ndugu yako huna ndugu.