Kiti cha Muhugu

Siku ya kumuaga mwalimu wetu, walimzawadia kiti cha muhugu. Mpaka leo nikikumbuka, roho inaniuma.

Mama huyu ndiye aliyeongoza shirika dogo pale Gede, lililokuwa likituingiza msituni sisi watoto wa shule, tukajua miti na ndege. Muhugu ndio uliomtia uchungu kuliko miti yote. Hukua polepole mno, mbao yake hunukia, na wezi huukata wakawauzie wachonga vinyago. Tulipofika penye kisiki chake alitunyamazisha, kama tuko matangani.

Nimehamahama tangu nimalize sekondari, Tanga, Lamu, Mombasa, popote penye kibarua. Niliposikia anastaafu, nikarudi.

Sherehe ilifanywa uwanjani nyuma ya ofisi ya shirika, chini ya turubai la kukodi. Mwenyekiti wa kamati akafunua leso, kiti kizito kikaonekana, egemeo lake limechongwa ndege. Vigelegele! Mwalimu akainama, akakipapasa, akanusa kiganja chake.

"Mti huu mmeutoa wapi?"

"Mwalimu, leo hakuna mtihani!" mwenyekiti akajibu, watu wakacheka. "Keti, Mama, tupige picha."

"Huu ni muhugu."

"Si ndio mti wako uupendao? Tumekuagizia makusudi."

Nikamtazama mwenyekiti usoni. Hakuwa anatania. Miaka yote hiyo amekaa naye kwenye vikao, na hilo tu ndilo alilolishika, kwamba anaupenda.

"Sikai," Mwalimu akasema. "Nyinyi pigeni picha, mimi nitasimama."

"Haya, bi harusi kakataa kuingia ndani!" mama mmoja akapiga kelele nyuma yangu, turubai zima likaangua kicheko.

Picha zikapigwa hivyo hivyo, yeye kasimama kando, mikono kaifumbata kifuani. Alikuwa na maneno ya kusema, lakini mgeni wa heshima alishapewa kipaza sauti. Akachukua mkoba wake akatoka. Nikamfuata mpaka barabarani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Bado unazurura?"

"Bado."

"Afadhali wewe. Hukukaa kwenye kamati."

Hakucheka, na mimi sikuweza. Akapanda bodaboda akaenda zake.

Jumatatu nilipita ofisini kuuliza kama matembezi ya wanafunzi yataendelea. Kiongozi mpya alinikaribisha vizuri, akaniambia hilo bado linajadiliwa. Alikuwa amekikalia kile kiti. Akakisifu kwamba tangu akipate, mgongo haumsumbui tena.