Mpira Usiolala

Saa tatu asubuhi, mwanamke aliyevaa aproni ya turubai anauzungusha mpira kwenye sakafu ya saruji, kisha anauacha ujizungushe palepale kama pia. Kando yake mwanamume amelala kifudifudi, sikio limegusa sakafu.

"Umelala?" mwanamke anauliza.

"Bado. Unaongea," anajibu mwanamume, akiusikiliza mpira.

Hao ni ndugu wa tumbo moja. Dada ni fundi viatu ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Njuga. Mdogo wake ni Kombora, jina alilopewa enzi za mashuti yake, kabla ugonjwa haujamnyima macho akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili.

Ukiushika mpira huo kwa mara ya kwanza, mkono unashtuka. Ni mdogo kuliko tuliouzoea, lakini mzito zaidi. Kanuni ndizo zinazotaka hivyo. Mpira wa kawaida wa miguu una mzunguko wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Wa wasioona una mzunguko wa sentimita 60 hadi 62, na uzito wa gramu 510 hadi 540, ili usidunde ovyo na ubaki karibu na mguu. Tena lazima ulie, hata ukiwa angani, hata ukijizungusha mahali pamoja.

"Aliyeandika hayo alikaa akafikiri," anasema Fundi Njuga, akiupapasa kama kichwa cha mtoto. "Kila gramu ina sababu yake."

Baada ya kupoteza macho, Kombora alijifungia chumbani. Wageni wakija, anageukia ukuta. Siku moja dada yake aliufunga mpira wa kawaida ndani ya mfuko wa plastiki ili uchakarike, akamkokota mdogo wake hadi uani.

"Nilimwambia, Dada, umeniletea jalala linalotembea," Kombora anakumbuka huku akicheka. "Lakini nilitoka."

Uani hapo ndipo timu ya wasioona ilipozaliwa. Mfadhili mmoja akawapa mpira halisi, lakini changarawe ziliusugua mpaka mishono ikaachia. Wachezaji walikufa moyo. Fundi aliuchukua, akaufumua taratibu, na ndani akakuta vikebe vya chuma vyenye gololi, vimeshonewa nyuma ya vipande vya ngozi ya bandia.

"Nikasema, kumbe! Kumbe ni sindano na subira tu."

Haikuwa hivyo tu. Mpira wake wa kwanza alioupeleka kwa mkaguzi wa chama cha mchezo huo ulipita kwenye utepe wa kupimia, ukapita kwenye mzani. Kisha mkaguzi akauzungusha juu ya meza. Ukanyamaza.

"Mama, huu utamvunja mtu pua," akasema. Bila mpira uliokubaliwa, mashindano ya kwanza kwenye uwanja wao yangefutwa.

Fundi alirudi nyumbani na mpira wake. Ndipo Kombora alipolala sakafuni kwa mara ya kwanza kusikiliza. Ni yeye aliyegundua kwamba mpira ukizunguka kwa kasi, gololi zinabanwa upande mmoja wa kikebe na kutulia. Dada akavigonga vikebe vibonyee, gololi zikose pa kukaa, kisha akavishona vikielekea pande tofauti. Alishona, akafumua, akashona tena. Kila alipouliza, jibu lilikuwa lilelile: "Umelala."

Hadi asubuhi moja mpira ulipozunguka bila kunyamaza. Alipoinama akakuta mdogo wake analia.

Mkaguzi aliporudi, aliuzungusha mara mbili, tatu, kisha yeye mwenyewe akalaza sikio mezani. Akagonga muhuri.

Siku ya mashindano mwandishi wa habari hizi alikuwepo. Umati ulikuwa ukivuma kama soko. Mwamuzi akainua mkono, na uwanja mzima ukawa kimya kama maji mtungini. Hata wauza maji ya chupa waliganda. Kilichobaki ni mlio wa mpira, chaka-chaka-chaka, na wachezaji waliofungwa vitambaa machoni wakitamka "Naja!" wasije wakagongana. Kombora aliugeukia mpira uliokuwa mgongoni mwake, akautuliza kwa unyayo, akapenya katikati ya mabeki wawili na kuachia shuti. Wavu ulipotikisika ndipo watu walipolipuka.

Fundi hakuliona bao hilo. Alikuwa amefumba macho.

"Nilikuwa nausikiliza ukienda," anasema.

Sasa wasichana wa shule ya wasioona wamemletea ombi jingine: mpira wa golboli, mchezo wa kuvingirisha mpira kwa mikono kuelekea goli. Huo una uzito wa kilo moja na robo, matundu manane na njuga ndani, wala haushonwi. Ni raba tupu, na Fundi hajawahi kumimina raba maishani mwake. Jaribio la kwanza lilitoka na umbo la kiazi.

"Walikuja wakalipapasa, wakacheka mpaka wakakaa chini," anasimulia. "Kisha mkubwa wao akaniambia, 'Mama, Jumamosi tunakuja kupapasa jingine.' Hajaniuliza kama nitaweza. Kaniambia anakuja. Basi kesho namimina la pili."