Wimbi la Baruti

Masofa mengi unayoyaona Kensington, hapa Johannesburg, yale ya mgongo mrefu na vifungo, yamepita mikononi mwangu. Nasema bila aibu. Shule niliiacha darasa la nne. Joubert Park nililala kwenye chumba kilichogawanywa kwa mapazia, na leo nina duka langu kwenye barabara kubwa, jina limeandikwa juu ya mlango kwa herufi unazozisoma ukiwa bado kule kwenye roboti, taa za barabarani. Wenye digrii wananibembeleza niwashonee kabla ya Krismasi. Kwa hiyo mtu akiniambia kitu nilichokifanya mwenyewe hakiwezekani, huwa nacheka.

Binti yangu aliponiambia, sikucheka.

Ilikuwa 2017, joto limeshaanza. Alikuwa kidato cha pili au cha tatu, mtoto wa hapa hapa, Kiswahili anakielewa chote lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Jumamosi moja alikaa dukani juu ya furushi la sponji, akitazama kwenye simu vijana wa Durban wakisimama juu ya ubao na kuteleza na mawimbi. Nikamwambia hao wamechelewa. Mimi niliteleza nikiwa mdogo kuliko yeye, na wimbi letu hatukungoja Mungu alilete. Lilitengenezwa kwa baruti.

Nikamsimulia. Mji wetu uko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Nilipokuwa mtoto walikuwa wanapanua mlango wa bandari, wanapasua miamba chini ya maji. Bendera nyekundu ikipanda, hakuna mtu kuingia majini. Mlipuko unausikia miguuni kwanza, halafu masikioni, halafu maji yanasimama meupe, marefu kuliko kanisa, yanaanguka. Bendera ikishuka, sisi watoto tunaingia na vipande vya mbao, tunalala kifudifudi, tunangoja. Na wimbi linakuja. Refu, laini, halina haraka. Linakuinua kifua, linakubeba mpaka mchangani. Ukianguka unayanywa maji, ni matamu, unasimama, unarudi.

Akaweka simu chini. Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka, kwa sababu bugali wa muhogo huwa anausukuma kando, na nyimbo za kwetu anaziimba kwa kukisia. Hilo wimbi lilikuwa kitu cha kwanza cha kwetu nilichomwona akikitamani.

Jumatatu akarudi kutoka shule.

"Papa, haiwezekani."

Alikuwa amemuuliza mwalimu wa sayansi. Mlipuko unasukuma maji juu, si mbele. Yakianguka yanaacha mawimbi mafupi yanayokimbia kila upande na kufa njiani. Wimbi la kuteleza linataka kitu kinachosukuma maji mengi bila kuacha, halafu kina kiwe kinapungua polepole kuelekea ufukweni.

"Mwalimu wako amewahi kulala juu ya hilo wimbi?"

"Hapana."

"Basi."

"Papa, yule mteja wa sofa jekundu, mwaka jana ulisema ni mkurugenzi. Sasa hivi unasema ni waziri."

Eish. Kuhusu sofa alikuwa amenikamata. Lakini niliona anakoelekea. Akiliweka wimbi kwenye kapu moja na sofa, ziwa lote litaingia humo, na mama yangu, na nyumba yetu, na mimi mtoto. Kumpeleka akaone siwezi. Sisi wenye karatasi za ukimbizi, ukikanyaga kwenu tu, karatasi imekufa, na duka nalo. Nina uwezo wa kununua tiketi ya ndege leo hii, na siwezi kupanda.

Nikampigia dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, ambaye hajawahi kuondoka kule. Yeye ndiye aliyekuwa akitulindia nguo ufukweni. Nikaweka sauti juu, mtoto asikie ushahidi.

"Yaya, umwambie huyu mtoto. Wimbi la baruti."

Akacheka mpaka akakohoa.

"Weye mudogo, ungali unaamini ile? Haikuwa baruti. Ilikuwa meli."

"Meli gani?"

"Ile ya Kigoma. Si ilikuwa inangojea nyuma ya rasi mpaka bendera ishuke? Ikishuka, inakuja mbio sababu imechelewa. Batoto mumelala, uso kwa muchanga, muko munasifu baruti. Baruti ilikuwa inatoa samaki tu, tumbo juu."

Meli tulikuwa tunaiona. Tuliipungia mikono. Lakini baada ya kishindo kile, nani angeipa meli sifa? Nilibaki nimeshika simu kama mtu aliyeambiwa baba yake ni mwingine.

Binti yangu akainamia simu. Akasema kwa Kiswahili, neno moja moja, "Shangazi, meli ingali inakuja?"

"Hapana, mama. Imefungwa pale. Iko na kutu."

Nilingoja anicheke. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo wimbi lilikuwepo."

Wiki hiyo nilimtengenezea ubao, mbao nyembamba na sponji ngumu, nikauvika ngozi ya sofa yenye mshono ambao Johannesburg nzima hakuna wa kuushona. Jumapili baada ya ibada tukaenda kwenye bwawa la manispaa. Vijana walikuwa wanajikunja na kujirusha majini kwa pamoja, wenyewe wanaita bomu. Maji yalipanda, yakatulowesha, yakaanguka. Mawimbi madogo yakagongana yenyewe kwa yenyewe. Ubao ulitikisika pale pale.

"Nimeona," nikamwambia kabla hajasema.

Vijana walipotoka kwenda kununua chipsi, akalala juu ya ubao upande wa kina kifupi. "Papa, uwe meli."

Mimi si mtu mdogo. Tumbo langu kwetu lingeitwa la chifu. Nilianzia pale maji yaliponifika mabegani, nikatembea kuja kwake nikiyasukuma kwa kifua na mikono, bila kuacha, bila haraka. Nikasimama. Maji yaliyokuwa mbele yangu yakaendelea. Ubao ukainuka kidogo, ukasogea urefu wa mkono hivi.

"Tena," akasema.

Nikarudi, nikaja tena. Mara ile nilijikwaa, maji yakanijaa mdomoni, yananuka dawa. Kwetu ningeyameza. Niliyatema, nikageuka kwenda tena kwenye kina, na nilipoangalia nyuma alikuwa ameshalala kifudifudi, uso ameuelekeza kwenye ngazi za saruji, ananingoja.