Bwana, Utulehemu

Sisi watoto wa Iramba tunazaliwa na herufi L mdomoni. Herufi R tunaikuta shuleni, na anayekaa sana shuleni ndiye anayeipata. Mimi sikukaa sana. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ya kuficha, nikaenda kwa mjomba kujifunza kulehemu ndoo za bati, huku nikiota kuwa mhubiri. Ndoo nyingi zimesikia mahubiri yangu.

Bahati nzuri chuo cha Biblia hakikuniuliza sana habari za kidato cha nne. Kilitaka wito na barua ya mchungaji, vyote nilikuwa navyo. Chuo chetu kiko chini ya chuo kikuu kimoja, na mpango ni huu: mwaka wa kwanza unasomea cheti. Ukifaulu mtihani wa kuhubiri, unaendelea na stashahada, ambayo karatasi yake inatoka chuo kikuu chenyewe, na mhuri. Usipofaulu, unarudi kwenye ndoo. Nyumbani kwa mama kuna msumari mtupu ukutani, juu ya kalenda. Aliugongelea siku naondoka.

Wiki ya kwanza tu nikapewa kuongoza sala ya asubuhi. Nikafumba macho, nikainua mikono, nikalia kwa moyo wote:

"Bwana, utulehemu!"

Kisha mwenzangu wa bweni, Mnyaturu wa Issuna, akajibu kwa sauti ya unyenyekevu: "Ameni, na ukimaliza utupake rangi."

Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Fundi.

Ulipofika wakati wa mtihani, tulichagua vichwa vya mahubiri kwa kuokota vikaratasi kwenye kofia. Mimi nikaokota "Rehema". Mnyaturu alikisoma akichungulia begani kwangu, akakaa chini kabisa kucheka. Alipopata pumzi akanionea huruma, akaahidi kunifundisha. Kila jioni tulikaa kwenye ngazi za bweni.

"Sema reli."

"Leli."

"Rula."

"Lula."

"Ruka!"

"Luka."

"Huyo ni mwandishi wa Injili, Fundi! Mimi nimesema ruka!"

Siku ya tano R ikaja. Ilikuja kwa nguvu, kama mbuzi aliyekata kamba, na tatizo likawa kuirudisha zizini.

Nilipangiwa kanisa dogo la Iguguno. Mtahini alitoka chuo kikuu: mama mmoja wa miwani, aliyekaa benchi la nyuma na faili magotini. Mnyaturu alikaa pembeni yake, amefumbata mikono utadhani yeye ndiye anayetahiniwa. Nikapanda mimbarini.

"Wapendwa, tusimame tusari."

Watoto wa mbele wakatazamana.

"Hareruya!"

Hakuna aliyeitikia. Mtoto mmoja akaangua kicheko, akafinywa. Mtahini akainama, akaandika kitu kirefu. Mnyaturu akafunika uso. Mimi nikauona ule msumari wa mama, na hakuna kitu kilichoning'inia.

Basi nikaikunja karatasi yangu, nikaitia mfukoni.

"Wapendwa, nisameheni," nikasema. "Nilikuwa naazima ulimi wa watu. Neno nililopewa leo ni lehema."

"Lehema!" kanisa zima likaitikia.

Ndipo nikakumbuka niko wapi. Hawa ni watu wa kwetu Iramba! Moyo ukatulia, nikawaambia kazi niliyoifanya kwa mjomba. Kwamba ndoo ikiletwa inavuja, mjomba haulizi nani aliitoboa. Anakwangua kutu kwanza, maana risasi ya kuzibia haishiki juu ya kutu, na hapo ndoo inapiga kelele. Kisha moto. Kisha risasi inayeyuka, inaziba. Na sijawahi kuona ndoo ikijilehemu yenyewe. Nikasema, "Bwana anatulehemu na anatulehemu," na safari hii nilikusudia yote mawili. Hakuna aliyecheka.

Baada ya ibada nilisimama nje. Bibi mmoja akanijia na ndoo ya bati mkononi. Alikuwa amekimbia kuichukua nyumbani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mchungaji. Hiyo kazi uliyosema unaifanya leo, au ulikuwa unahubiri tu?"

Mtahini alikuwa nyuma yangu. Alikohoa. Nadhani alikuwa anameza kicheko.

"Matamshi nimekupa mbili kwa kumi," akasema, "na hizo mbili ni za huruma."

"Asante, mwalimu."

"Mengine umefaulu. Mwakani uje stashahada. Lakini mjibu bibi kwanza, anasubiri."

Mnyaturu alinikumbatia mpaka mbavu zikalia. "Fundi, karatasi ya mhuri!" Mimi nilitaka kusema kitu kizuri, nikajikuta nalia na kucheka pamoja.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Iguguno na chuma changu cha kulehemia. Mnyaturu akaja kupepea mkaa, akilalamika kwamba stashahada yenyewe hata haijaanza na tayari ninamtumikisha. Nilikwangua, nikachoma, nikaziba. Bibi akajaza ndoo maji mpaka juu, akaiweka juu ya mawe mawili, na sote watatu tukachuchumaa kuchungulia chini yake.